Pumzi ya Arobaini na Moja

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, Jumanne ya tarehe 15 Machi 2061, mstari wa formaldehaidi kwenye skrini ya Kifua cha Tatu ulipanda kutoka sifuri nukta mbili hadi kumi na tatu. Ilikuwa pumzi ya arobaini na moja. Pumzi ya arobaini na mbili haikuushusha.

Kalunde Mihambo, mpimaji wa maabara, hakugusa kitu. Aliangalia joto la chumba, kisha mpira unaoshika mdomo wa chombo, kisha saa ya ukutani. Hakuona kasoro. Nyuma ya kioo Kifua kiliendelea na kazi: mfuko wa silikoni wenye ukubwa wa pafu la mtu mzima ulitanuka kwa sekunde tatu, ukavuta mililita hamsini na tano za mvuke, ukatulia, ukatoa. Nusu dakika ikipita, ukaanza tena. Ndani ya mfuko ulitandazwa utando wa chembe hai, zilizooteshwa kutoka koo la mtu ambaye jina lake halikuwamo kwenye faili lolote. Utando ulikuwa wa rangi ya waridi. Ulipoanza kupauka, vali ya mashine ilijifunga na kufunguka kwa mshtuko. Mafundi waliuita mlio ule kikohozi, na jina likabaki.

Kifua kilikohoa kwenye pumzi ya arobaini na tatu.

Kwa miaka yote iliyotangulia hakuna aliyeisikia pumzi hiyo. Kipimo cha kila mwaka cha vyombo vya mvuke wa nikotini, kama huu wa Upepo, kilikuwa kikiishia kwenye pumzi ya arobaini. Januari kanuni ilibadilishwa, kipimo kikafika sitini, kwa sababu vyombo vya siku hizi vina tangi kubwa kuliko vile vya zamani.

Kalunde alibonyeza kengele ya kumwita mwonjaji.

Mzee Lugusha aliingia akiwa na mto wake wa kukalia kwapani, kama mtu anayekwenda msikitini mapema apate nafasi. Njiani alisimama mbele ya ubao wa vituo tisa vya kunusa hewa ya mji wa Tabora, kila kimoja kikionyesha tarakimu yake.

"Sifuri, sifuri, sifuri," alisoma. "Mji umekuwa msafi mpaka unachosha. Habari za kazi, daktari?"

"Nzuri, mzee. Upepo, sampuli ya kwanza."

"Zima feni."

Kalunde aliizima. Mzee Lugusha aliomba hivyo kila siku na hakuna aliyemuuliza sababu. Aliketi, akashika bomba la pembeni lililoungwa kwenye chombo kile kile kilichovutwa na mashine, akafumba macho, akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, akavuta mara moja.

Sheria ya Moshi ya mwaka 2049, iliyofuta sigara ya kuwasha nchi nzima, ilitaka kila maabara ya aina hii iwe na mwonjaji mmoja aliyeapa, aliyevuta tumbaku miaka isiyopungua ishirini. Mashine inajua kilichomo kwenye mvuke. Haijui kama binadamu angeuvumilia. Mwonjaji ana maneno matatu tu. Mbichi, kama maji ya chombo yanaruka mdomoni. Sawa. Kavu, kama sehemu ya kupashia moto imeishiwa maji na mvuke umeungua.

"Sawa," alisema Mzee Lugusha.

Kalunde alisubiri.

"Kuna nini? Nimesema sawa."

"Una uhakika, mzee wangu?"

"Nilikuwa mteuzi wa tumbaku Urambo miaka kumi na tisa. Jani nililipangia daraja nikiwa nimeligeuzia mgongo, kwa harufu tu. Leo unaniuliza uhakika wa mvuke wa ukwaju ambao haujawahi kuuona mkwaju?" Alirudisha bomba mahali pake. "Andika sawa, mwanangu. Na uwashe feni, nisije nikafa kwa joto mkasema ni tumbaku."

Sampuli ya pili ilipanda kwenye pumzi ya arobaini na tatu. Ya tatu, kwenye ya arobaini na mbili. Mwonjaji alisema sawa mara zote mbili. Kwa sheria aliruhusiwa mivuto sita kwa siku. Mmoja alikuwa ameutumia kwa sampuli nyingine kabla ya Upepo. Alibakiwa na miwili.

*

Saa tano kasoro dakika ishirini, mashine ya kutenganisha kemikali ilimaliza kazi na jedwali likafunguka lenyewe.

Kushoto kabisa ilikuwa safu ya sigara ya rejea: sigara mia moja zinazosokotwa kila mwaka kwa ajili ya maabara tu, hutunzwa kwenye friji yenye kufuli na kuwashwa ndani ya kabati la kioo, mahali pekee katika kanda nzima ambapo tumbaku iliungua kihalali. Safu zilizofuata zilikuwa za bidhaa za zamani zilizowekwa kwa kulinganisha. Tumbaku ya kiko. Tumbaku ya kupashwa moto bila kuwashwa, ambayo ilikaa katikati karibu kwenye kila mstari. Ugoro, ambao hauna moshi wala monoksidi ya kaboni lakini una nitrosamini, sumu za saratani, nyingi kuliko vyote. Mwisho kulia, Upepo, umegawanywa mara mbili: pumzi ya kwanza hadi ya arobaini, na zilizofuata.

Hadi pumzi ya arobaini Upepo ulikuwa kile ambacho kiwanda kilisema ni: propilini glikoli, gliserini, nikotini, manukato manne ya ukwaju, na mabaki. Formaldehaidi mikrogramu moja nukta tisa kwa mivuto kumi. Sheria iliruhusu sehemu moja ya ishirini ya sigara ya rejea, yaani tatu nukta saba.

Baada ya pumzi ya arobaini kigae cha kupashia moto kilikauka. Kigae kikiwa na maji, joto hutumika kuyageuza kuwa mvuke na hakuna kinachovunjika. Kikikauka, joto hupita nyuzi mia tatu, na gliserini na glikoli zenyewe huvunjika vipande. Vipande hivyo ndivyo formaldehaidi na akrolini. Formaldehaidi ilisomeka 128. Sigara ya rejea ilisomeka 74. Akrolini ilikuwa 61 kwa 58.

Kwenye kemikali kumi na saba zilizobaki, hata pumzi mbaya za Upepo zilikuwa chini ya sigara, na kwa nyingi zilikuwa chini sana. Monoksidi ya kaboni haikuonekana. Benzopirini haikuonekana. Nitrosamini za tumbaku zilikuwa sehemu moja ya mia nne.

Dkt. Mwanahawa Pazi, mkurugenzi wa maabara, alilisoma jedwali akiwa amesimama, miwani juu ya paji la uso, jambo lililomaanisha kwamba hakuwa akisoma tena.

"Hiyo ni kavu, Kalunde. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona."

"Kikemia, ni kavu. Mwonjaji kasema sawa. Mara tatu."

"Basi mwonjaji kakosea."

"Inawezekana."

"Akirekebisha aandike kavu?"

"Kanuni ya Tisa inazitoa pumzi zote kuanzia ya arobaini na moja. Zinazobaki zinapita."

Kanuni ya Tisa ilikuwa fupi: pumzi kavu isihesabiwe, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuivuta mara ya pili. Ilikuwa kanuni ya haki. Bila hiyo, kiwanda kingehukumiwa kwa sumu ambayo haiingii kifuani mwa mtu yeyote.

"Cheti cha Upepo kinaisha saa ngapi?" aliuliza Dkt. Pazi, ingawa alijua.

"Leo, saa kumi jioni."

Kila chombo cha Upepo kiliuliza mtandao mara moja kwa saa kama cheti chake kiko hai. Kikijibiwa hapana, kilizimika. Vilikuwa laki moja, arobaini elfu, mia mbili na kumi na mbili, vyote mikononi mwa watu waliovuta sigara miaka ishirini au zaidi na kupewa chombo na zahanati badala ya kuachwa na kiu yao.

"Nimeomba rekodi za mivuto kutoka kwenye vyombo vyenyewe," Kalunde aliendelea. "Kwenye kila mivuto mia, kumi na saba huvutwa kigae kikiwa kimefika hali hii. Hawaachi. Kanuni inasema mtu ataacha, na watu hawaachi."

"Kwa nini?"

"Ama kuna kitu kwenye maji kinachoficha ladha, au kuna kitu kingine. Sijui bado."

"Mpe Mzee Lugusha chombo cha zamani cha utambi wa pamba, kikavu. Akisema kavu, ulimi ni mzima, basi Upepo unaficha. Akisema sawa, ulimi umekufa, tunamstaafisha kwa heshima na tunatoa hizo pumzi." Dkt. Pazi alishusha miwani. "Ana mivuto miwili kisheria."

Kalunde aliifikiria hesabu ile. Mvuto mmoja wa pamba kavu ulikuwa sawa na kumpa mzee wa miaka sabini na moja, kwa makusudi na kwa jina la kipimo, kile kile alichokuwa akijaribu kuwazuilia wengine.

"Nipe mpaka saa nane na nusu," alisema.

*

Saa sita na nusu alimpigia baba yake simu. Hakuruhusiwa kutaja sampuli, na hakuitaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umepiga mchana. Kuna msiba?"

"Hakuna. Umekula?"

"Ugali na mlenda. Kifua kimetulia, kama ndicho ulichotaka kuuliza."

"Upepo wako huwa unaujaza mapema, au unauvuta mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Kwani mimi ni mtu wa kumwaga vitu?"

"Ukikauka, unajuaje?"

Kwa nyuma redio ilikuwa ikisoma bei za mazao.

"Sijui. Unaacha tu kutoa mvuke, basi, najaza."

"Kabla ya hapo. Haukuwashi kooni? Ladha haibadiliki?"

"Kalunde, ladha niliiacha kwenye bani. Miaka thelathini nachochea moto wa kukaushia tumbaku usiku na mchana, na pakiti moja juu yake. Ulimi huu unajua chumvi na pilipili, vingine unabahatisha. Kile chombo changu cha kwanza, kile cha pamba, nilikuwa najua kimekauka kwa sababu kinatatarika, kama mafuta yakiingia maji kwenye kikaango. Hiki kiko kimya. Kizuri zaidi."

Kalunde aliandika neno moja kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, akalizungushia duara.

"Upo?" aliuliza baba yake.

"Nipo."

"Msije mkatuzimia kama mlivyowazimia watu wa Mpanda. Mimi nikizimiwa, yule muuza vitunguu wa hapa Isevya anazo za kuwasha, chini ya gunia. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

"Usimwendee, baba."

"Sijasema naenda. Nimesema anazo."

Alipokata simu, Kalunde aliitazama karatasi. Neno lilikuwa "mlio". Chini yake aliandika maneno mawili aliyoyasikia kila siku ya kazi tangu alipoajiriwa: "Zima feni."

*

Saa nane na dakika ishirini kila kitu kilikuwa tayari. Kwenye kabati la vyombo vilivyoondolewa sokoni alichukua kimoja cha pamba, akakikausha kwa makusudi, akakiweka chini ya kioo, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kiti cha mwonjaji. Pampu ndogo ndiyo ingekivuta, na mvuke wake wote ungeishia kwenye chujio la mkaa. Bomba la mwonjaji hakuliunga kwenye chombo. Aliliunga kwenye chupa ya hewa safi, iliyopashwa joto la nyuzi thelathini na saba, na kiungo akakifunika kwa kitambaa cha kazi.

Hakuna sumu ambayo ingemfikia mtu. Kama ulimi ndio uliokuwa ukifanya kazi, jibu lingekuwa moja kwa mivuto yote. Alirusha shilingi kupanga ni mvuto upi chombo cha pamba kiwashwe na upi kisiwashwe: kiwashwe, kisiwashwe, kiwashwe.

Mzee Lugusha aliweka mto wake, akaketi.

"Zima feni."

Kalunde akazima. Pampu ikavuta. Chini ya kioo pamba ilianza kutatarika, sauti ndogo ambayo asingeisikia kama asingekuwa akiisubiri. Mzee aliinamisha kichwa kulia, akavuta hewa safi.

"Kavu," alisema. "Hiki kimeungua kabisa. Nani kakileta?"

"Mara ya pili, mzee."

Pampu ilikaa kimya.

"Sawa."

"Tena."

Pamba ikatatarika.

"Kavu." Alikohoa kwa adabu, kiganja mdomoni, kama mtu aliyeungua kweli.

Kalunde aliandika majibu matatu, saa na dakika kwa kila moja. Alipoinua macho, mzee alikuwa ameshika bomba mkononi akilitazama.

"Leo asubuhi nilivuta minne," alisema.

"Ndiyo."

"Nilibakiwa na miwili. Umenipa mitatu."

Kalunde alifunika kalamu yake.

"Miaka sita nafanya kazi na wewe. Siku moja ulinirudisha nyumbani kwa sababu ya nusu mvuto. Wewe hungenipa wa tatu." Alifuata bomba kwa vidole, polepole, mpaka kwenye kitambaa, akakifunua. Aliisoma lebo ya chupa. "Kwa hiyo haukuwa mvuke."

"Ilikuwa hewa."

"Yote mitatu?"

"Yote mitatu."

Mzee Lugusha alikifunika tena kitambaa, akakinyoosha pembe zake nne.

"Tangu lini, mzee?"

"Ile homa ya mwaka hamsini na saba. Pua iliondoka kwa wiki moja, nikangoja irudi, haikurudi. Ulimi ukaifuata." Hakuwa akiomba kuonewa huruma, alikuwa akitoa taarifa. "Masikio yalibaki. Nikagundua nasikia pamba ikikauka kabla hata mashine yenu haijapanda. Sikukosea hata mara moja. Nenda kaangalie kwenye mafaili yako. Nikasema, wanataka jibu sahihi, na mimi ninalo. Wananidai nini kingine?"

"Upepo hauna pamba."

"Upepo hauna sauti," alisema Mzee Lugusha. "Kwa hiyo kwangu upo sawa siku zote."

*

Saa tisa kasoro tano walikuwa watatu ofisini kwa Dkt. Pazi. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mzee. Yeye Mzaramo, mzee Mnyamwezi. Watani wa tangu enzi za mababu, na hawakuwahi kuzungumza lugha nyingine isipokuwa ya utani.

"Mnyamwezi, nyinyi si ndio mlibeba mizigo mpaka pwani? Huu umekushinda?"

"Haujanishinda, mtani. Nimeubeba miaka minne. Leo ndio nimefunguliwa nikaonyeshwa kuwa ndani hamna kitu."

Hakuna aliyecheka. Dkt. Pazi alisogeza fomu ya mwonjaji katikati ya meza.

"Sheria inakuruhusu kurekebisha neno kabla faili halijafungwa. Kigae kilikuwa kikavu au hakikuwa kikavu?"

"Daktari anasema kilikuwa."

"Basi ukiandika kavu unaandika ukweli."

Mzee Lugusha alichukua kalamu. Hakuandika. Alimtazama Kalunde. Kalunde aliona kwamba angeandika kama angeambiwa aandike, na kwamba angelala vizuri.

"Ulimi wa Mzee Lugusha si hitilafu," alisema Kalunde. "Ndio ulimi wa wanaotumia Upepo. Wote walivuta miaka ishirini na kuendelea. Wengi hawaonji. Walikuwa wakisikia pamba, kama yeye. Tukaja na chombo kisicholia, wakabaki bila kitu cha kuwaambia acha. Kanuni ya Tisa inamhitaji mtu atakayeikataa pumzi ya pili. Mtu huyo hayupo. Jibu lao ni sawa, na ndilo alilolitoa."

"Nakubali," alisema Dkt. Pazi.

Kalunde hakulitegemea hilo.

"Nakubali kila neno. Sasa nisikilize na mimi. Mpanda walizimiwa elfu tisa. Baada ya wiki tatu wangapi walikuwa wanawasha?"

"Wanne kwa kila kumi."

"Wanawasha nini?"

"Za magendo. Hazijapimwa."

"Na jedwali lako linasema nini juu ya kinachoungua?"

"Kumi na saba kati ya kumi na tisa ni mbaya zaidi."

"Plasta za nikotini zilizopo kanda nzima ni za watu elfu ishirini na mbili. Nimehesabu mwenyewe mchana huu. Nikipata miezi sita, kiwanda kitaweka kifaa cha kuzima kigae kabla hakijakauka. Nimeshaongea nao, wamekubali. Miezi sita, Kalunde. Neno moja, ambalo kikemia ni la kweli."

Kalunde alikuwa amefanya hesabu ile ile saa saba mchana, kwa kalamu, mara mbili. Formaldehaidi ya pumzi kumi na saba kwa mia, mara siku mia na themanini, upande mmoja. Upande wa pili watu hamsini na sita elfu wakirudi kwenye lami ya moshi, monoksidi na nitrosamini. Hesabu ilikuwa imeegemea upande wa mkurugenzi. Si kwa mbali, lakini ilikuwa imeegemea.

"Nipe fomu yenye nafasi ya kuandika kumi na saba kwa mbili," alisema, "nitaitia saini sasa hivi. Nipe njia ya kuwaambia wasivute mpaka mwisho huku chombo kikiwaka."

"Mfumo haufanyi hivyo. Ni cheti, au hakuna cheti. Ujumbe unatoka chombo kikizimika tu."

"Najua."

"Basi?"

"Tukiandika kavu, faili litasema kwamba mwaka sitini na moja binadamu aliionja pumzi ya arobaini na moja akaikataa. Mwakani mtu mwingine ataketi pale, mashine itapanda, atafungua faili na kuona swali limeshajibiwa. Hataliuliza. Hiyo miezi sita haina mtu wa kuisimamia isipokuwa hili neno, na neno lenyewe tutakuwa tumelifuta."

"Na baba yako?" aliuliza Dkt. Pazi, kwa sauti ya chini. "Yupo kwenye orodha. Nimeona jina."

"Yupo."

Feni ya ofisini ilizunguka. Mzee Lugusha aliweka kalamu mezani, sambamba na ukingo wa fomu.

"Mimi niliambiwa niseme nilichokiona mdomoni," alisema. "Sikuona kitu. Hilo ndilo nitakaloandika, mkinipa karatasi nyingine. Kazi mtaichukua, najua. Mto ni wangu."

Dkt. Pazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio wake, akaivaa tena. Cheti kilihitaji saini mbili, ya mpimaji na ya mkurugenzi.

"Sitatia saini mahali pako," alimwambia Kalunde. "Wala sitakushika mkono. Una saa moja."

*

Saa tisa na dakika arobaini na nane Kalunde alifungua ukurasa wa hitimisho. Kwenye kisanduku pekee kilichokuwapo alichagua neno "Hakijapita". Mfumo ulimuuliza kama ana uhakika. Alithibitisha. Ukampa nafasi ya herufi themanini za ujumbe ambao ungeonekana kwenye kila chombo wakati wa kuzimika. Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Kikikauka hutoa sumu bila dalili. Usirudi kuwasha. Fika zahanati leo."

Aliambatanisha jedwali lote, safu zote, na taarifa ya Mzee Lugusha ya kurasa mbili kwa mwandiko wake. Kwenye barua ya juu aliomba mambo matatu: plasta kutoka kanda nyingine, kifaa cha kuzima kigae, na Kanuni ya Tisa ipimwe upya kwa ndimi za watumiaji wenyewe. Dkt. Pazi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama mlangoni, akaongeza jina lake chini ya ombi la plasta, akaondoka kwenda kupiga simu Dodoma.

Saa kumi kamili cheti kilikufa.

Ramani ya kanda ilikuwa na nukta za kijani. Zilianza kupotea bila mpangilio, kila chombo kwa dakika yake ya kuuliza: Nzega, Sikonge, Kaliua, nukta tano hapa, mia kule. Saa kumi na nusu zilibaki elfu sabini. Kalunde alimpigia baba yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena saa kumi na dakika arobaini na moja. Iliita mpaka ikakatika.

Mzee Lugusha alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mto umekunjwa magotini. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aliyemwambia aondoke.

Saa kumi na moja kamili ramani haikuwa na nukta. Idadi ya vyombo vilivyobaki hewani ilikuwa sifuri.

Kwenye ubao wa ukutani vituo tisa vya kunusa hewa navyo vilisomeka sifuri, kama vilivyosomeka tangu mwaka 2055. Vilitafuta kemikali moja tu, etenilpiridini. Haitoki kwenye mvuke wa aina yoyote. Hutoka kwenye jani la tumbaku likiungua.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili, kituo namba nne, Isevya, kilisajili etenilpiridini: nanogramu tatu kwa mita ya ujazo.